Sauti Inaposifiwa

Sabato Alasiri

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yn 1:19–27, Yn 3:22–30, Mdo 14:8–20, Dan 5:13–31, 2 Fal 20:12–19, Lk 10:17–20, 1 Kor 4:1–5.

Fungu la Kukariri: Yohana 3:30. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri pamoja na kikundi chako.

Mwaka 1929 mhubiri wa Kiadventista aitwaye H. M. S. Richards alianza kuhubiri kwa ukawaida redioni huko Los Angeles, Marekani. Alikuwa mwinjilisti aliyezoea kuhubiri katika mahema, akiwatazama watu usoni. Sasa alisimama mbele ya kipaza sauti, akisema na watu asiowaona. Mwaka 1937 kipindi chake kilipewa jina la Sauti ya Unabii. Tarehe 4 Januari 1942 kilianza kusikika Marekani yote kupitia mtandao wa Mutual, katika vituo 89. Kazi iliyoanza kwa udogo ikawa inajulikana nchi nzima. Baada ya miaka kupita, heshima nazo zilikuja. Leo shule ya theolojia ya Chuo Kikuu cha La Sierra, California, inaitwa kwa jina la Richards.

Waadventista wengi wa Afrika Mashariki wanalijua jina la Sauti ya Unabii, hata kama hawakuwahi kulisikia katika redio. Walilijua kwa masomo ya Biblia yaliyokuja kwa posta ndani ya bahasha, na majibu yao yakarudishwa yakiwa yamesahihishwa.

Juma hili tutajifunza jambo ambalo kila kazi ya Mungu inayofanikiwa hukutana nalo. Tumezoea kujiandaa kwa ajili ya mateso na upinzani. Ni mara chache tunajiandaa kwa ajili ya sifa. Hata hivyo sifa nazo hujaribu imani. Kipindi cha redio kinapopewa tuzo, kwaya inapopewa cheti, au shule ya kanisa inapotajwa na wakuu wa serikali, swali ni moja: je, tutaendelea kusema kile tulichotumwa kusema?

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

Jumapili

“Mimi ni Sauti”

Soma Yohana 1:19–27. Makuhani na Walawi walimwuliza Yohana maswali gani, naye alijieleza kuwa nani?

Ujumbe ule haukuwa mdogo. Wakuu wa Yerusalemu walikuwa wametuma watu rasmi hadi ng'ambo ya Yordani kumwuliza mhubiri wa nyikani habari zake. Kwa maneno mengine, Yohana alikuwa ametambuliwa. Walimpa nafasi ya kujitwalia cheo alichotaka: Kristo, Eliya, au nabii yule. Yote matatu aliyakataa. Kisha akachukua maneno ya Isaya na kusema kwamba yeye ni sauti tu.

Fikiria kazi ya sauti. Sauti hubeba neno kutoka kwa anayesema hadi kwa anayesikia. Ikishalifikisha, sauti hutoweka, na neno hubaki moyoni mwa aliyesikia. Mtu wa redio anaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mahubiri ya dakika thelathini yakiisha, hakuna kinachobaki hewani. Kama msikilizaji amebaki na jina la mtangazaji peke yake, na hakubaki na neno la Mungu, basi sauti imepita bure.

Soma Yohana 3:22–30. Wanafunzi wa Yohana walilalamikia jambo gani? Jibu la Yohana linatufundisha nini?

Hapa jaribu lilikuja kutoka upande mwingine. Katika sura ya kwanza watu walitaka kumwongezea Yohana heshima. Sasa heshima inapungua. Watu wanamwendea Yesu, na wanafunzi wa Yohana wanaona uchungu kwa niaba ya mwalimu wao. Angalia kwamba hawakuwa watu wabaya. Walimpenda. Mara nyingi wanaotupenda ndio wanaotuchochea tutetee nafasi yetu.

Yohana alijibu kwa mfano wa arusi. Rafiki wa bwana arusi hufanya kazi nyingi kabla ya siku kufika, lakini siku ile akisikia sauti ya bwana arusi, hufurahi. Hasikitiki kwamba hatazamwi yeye. Ingekuwa aibu kubwa kama mpambe angesimama katikati ya ukumbi akitaka zawadi ziletwe kwake.

Je, ni jambo gani katika huduma yako ambalo ungeumia kama mtu mwingine angelifanya vizuri kuliko wewe? Jibu lako linakuonyesha nini juu ya moyo wako?

Jumatatu

Mashada ya Maua ya Listra

Soma Matendo 14:8–20. Watu wa Listra walitaka kufanya nini, na kwa nini? Paulo na Barnaba walifanya nini walipotambua?

Kiwete aliyekuwa hajawahi kutembea alisimama kwa miguu yake. Mji wote ukasisimka. Watu wakapaza sauti kwa lugha ya kwao, Kilikaonia, wakisema kwamba miungu imeshuka kwao. Barnaba wakamwita Zeu. Paulo wakamwita Herme, kwa sababu ndiye aliyekuwa mnenaji mkuu. Kuhani akaleta ng'ombe na mashada ya maua ili watoe dhabihu.

Yafaa tuangalie mambo mawili. La kwanza, Paulo alipewa jina la mungu kwa sababu ya kipawa chake cha kusema. Kipawa kile kile alichopewa na Mungu kwa ajili ya injili kilikuwa karibu kumfanya sanamu. Yeyote anayesimama mbele ya kipaza sauti anapaswa kulikumbuka hili. Sauti nzuri, lugha safi na uwezo wa kusimulia huvuta watu. Lakini watu wanaweza kuvutwa na msemaji wasifike kwa Mwokozi anayesemwa.

La pili, sifa zile zilianza kwa lugha ya wenyeji, na mitume walichukua hatua waliposikia habari za jambo lile. Kutukuzwa huweza kuanza pembeni yetu, pole pole, kabla hatujaelewa kinachoendelea. Mwanzoni watu husema, “Mhubiri yule Mungu amemtumia.” Baadaye husema, “Bila yeye kipindi hakuna.” Ndiyo maana mtumishi wa Mungu huhitaji ndugu waaminifu watakaomwambia mapema hali ilivyo.

Mitume walirarua mavazi yao, wakakimbilia katikati ya watu. Hawakusema kwamba wapokee heshima ile kwanza ili mlango wa injili ufunguke zaidi. Wazo hilo lingeonekana la busara: mji wote uko tayari kusikiliza, kwa nini kuwaudhi? Lakini mlango unaofunguliwa kwa uongo hauingizi watu kwa Mungu wa kweli. Mitume walijiita wanadamu wa kawaida, wakamtaja Mungu aliye hai, Muumba wa mbingu, nchi na bahari.

Baada ya hapo tunasoma kwamba watu walishawishiwa na Wayahudi kutoka Antiokia na Ikonio, wakampiga Paulo kwa mawe. Mji uliotaka kumwabudu ulimburuta nje ukidhani amekufa. Kama Paulo angejenga huduma yake juu ya sifa za Listra, angebaki na nini siku ile?

Umewahi kuona kazi ya Mungu ikitegemea mtu mmoja kiasi kwamba akiondoka inasimama? Kanisa lingefanya nini ili kuzuia hali hiyo?

Jumanne

Zawadi za Belshaza

Soma Danieli 5:13–31. Danieli alifanya nini na zawadi alizoahidiwa kabla ya kusoma maandishi? Ni nini kilichotokea baada ya kuyasoma?

Belshaza aliahidi vazi la zambarau, mkufu wa dhahabu, na cheo cha mtu wa tatu katika ufalme. Aliahidi kabla ya kusikia ujumbe. Pengine hakukusudia kumhonga Danieli. Alikuwa mtu aliyejawa na hofu. Lakini zawadi inayowekwa mezani kabla ya neno kusemwa ina uzito wake. Anayejua kwamba atavikwa dhahabu akimaliza kusema hushawishika kulainisha maneno.

Danieli alimwambia mfalme abaki na zawadi zake, ila maandishi atayasoma. Utaratibu huo ni wa maana sana. Kwanza alijiweka huru, kisha akasema. Na alipoanza kusema hakuacha kitu: alimkumbusha mfalme habari za Nebukadreza, akamwonyesha kiburi chake, akamtajia vyombo vya nyumba ya Bwana vilivyonajisiwa, ndipo akatoa tafsiri ya hukumu.

Hata hivyo, aya ya 29 inasema kwamba Danieli alivikwa vazi na mkufu, na cheo chake kikatangazwa. Hatuambiwi kwamba alipigana na watumishi waliomvika. Hii inatusaidia tusiwe na mawazo ya kupita kiasi. Kutambuliwa peke yake si dhambi. Kama serikali, chama cha watangazaji au jamii inataka kushukuru kazi njema iliyofanywa na kanisa, tunaweza kupokea kwa adabu na shukrani. Yesu mwenyewe alisema kwamba watu wayaone matendo mema na kumtukuza Baba (Mt 5:16). Hatari iko pale ambapo ujumbe unabadilishwa ili tuzo ije, au ili isiondolewe.

Kipindi cha Sauti ya Unabii kilipoanza kusikika nchi nzima, Marekani ilikuwa imeingia vitani majuma manne tu kabla. Watu walikaa karibu na redio zao wakitaka habari. Kwa kipindi chenye neno “unabii” katika jina lake, ilikuwa rahisi kutafuta umaarufu kwa kubashiri vita vitaishaje na nani atashinda. Lakini unabii wa Biblia haukutolewa ili kushibisha udadisi. Wimbo uliofungua kipindi kile ulitangaza kuja kwa Yesu, na Yesu ndiye aliyekuwa kiini cha mahubiri. Kipindi cha unabii kisichomwonyesha Kristo kinaweza kupata wasikilizaji wengi na bado kikawa kimekosa kusema neno lililo la lazima.

Tuangalie pia kwamba usiku ule ule Belshaza aliuawa. Cheo alichompa Danieli kilikuwa cha ufalme uliobakiza saa chache. Tuzo za dunia hii, hata zilizo za heshima, hutolewa na falme zinazopita.

Ni mafundisho gani tunayoshawishika kuyanyamazia tunapojua kwamba watu wakubwa wanatusikiliza? Sabato? Hukumu? Toba? Tunawezaje kuyasema kwa upendo bila kuyaficha?

Jumatano

“Wameona Nini Nyumbani Mwako?”

Soma 2 Wafalme 20:12–19 pamoja na 2 Mambo ya Nyakati 32:31. Wajumbe wa Babeli walikuja kwa sababu gani? Hezekia aliwaonyesha nini?

Hezekia alikuwa mfalme mwema. Alikuwa ameugua karibu na kufa, akaomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Kwa ishara, kivuli kilirudi nyuma madaraja kumi. Habari zikafika Babeli, na wajumbe wakaja kuuliza habari za ajabu hiyo. Wenyewe walifunga safari ndefu wakiwa na swali juu ya kazi ya Mungu wa Israeli. Mhubiri gani angetaka nafasi nzuri kuliko hiyo?

Lakini Hezekia aliwatembeza katika ghala. Aliwaonyesha fedha, dhahabu, manukato, mafuta ya thamani na silaha. Walikuja kuuliza habari za Bwana, wakaondoka na orodha ya mali za mfalme. Isaya alipokuja, alimwuliza maswali mafupi: watu hawa walisema nini, walitoka wapi, na wameona nini nyumbani mwako. Hezekia alijibu kwamba hakuna kitu katika hazina zake ambacho hakuwaonyesha. Jibu lile lilimshtaki mwenyewe. Alionyesha kila kitu, isipokuwa kile walichokuja kukitafuta.

Kosa hili ni jepesi kutokea katika huduma ya redio. Kituo kinapopata sifa, wageni huja. Huja waandishi wa habari, viongozi, na washiriki wa makanisa mengine. Tunawatembeza studioni, tunawaonyesha mitambo, mnara, idadi ya vituo na vyeti ukutani. Si vibaya kuonyesha vifaa. Lakini je, mgeni anaondoka akijua kwa nini tunatangaza? Je, kuna aliyemwambia kwamba Yesu anakuja upesi, na kwamba hata yeye anahitajiwa?

Jambo hili linahusu pia makanisa yetu ya mtaa. Siku ya uzinduzi wa jengo au siku ya harambee, mgeni rasmi anapokuja, ratiba hujaa utambulisho, risala na zawadi. Mara nyingine Neno la Mungu hupewa dakika tano za mwisho, wakati gari la mgeni limekwisha kuwashwa. Mgeni huyo ana nafsi itakayosimama hukumuni kama sisi. Huenda hiyo ndiyo siku pekee atakayoketi miongoni mwetu.

Soma tena swali la Isaya. Kama mgeni asiye mwamini angekaa kanisani kwako Sabato moja, angesema ameona nini?

Alhamisi

Furaha Isiyotegemea Matokeo

Soma Luka 10:17–20. Wale sabini walifurahi kwa sababu gani, na Yesu aliielekeza wapi furaha yao?

Wale sabini walirudi na taarifa njema. Hata pepo waliwatii kwa jina la Yesu. Bwana hakukanusha taarifa yao, wala hakudharau kazi waliyofanya. Alisema alimwona Shetani akianguka. Lakini aliwaonya wasiiweke furaha yao juu ya mafanikio hayo. Wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Matokeo hubadilika. Mwaka huu kipindi kinasikilizwa, mwaka ujao kituo kinabadilisha ratiba. Leo barua na simu ni nyingi, kesho ni chache. Mtu anayekula furaha yake kutoka kwa matokeo atapatwa na njaa mara kwa mara, na mwenye njaa hushawishika kula chochote. Ataanza kubadilisha ujumbe ili simu ziongezeke. Bali mtu anayejua kwamba jina lake liko mbinguni kwa neema ya Kristo anaweza kuendelea kusema kweli, hata siku ambazo hakuna anayepiga simu.

Soma 1 Wakorintho 4:1–5. Kwa mujibu wa Paulo, wakili anatakiwa kuwa na sifa gani? Ni nani mwenye haki ya kumhukumu?

Paulo hakutaja umaarufu. Alitaja uaminifu. Aliona ni jambo dogo kuhukumiwa na wanadamu, na hata yeye mwenyewe hakujihukumu. Bwana atakapokuja ndipo kila mmoja atapata sifa yake kwa Mungu. Hivyo Biblia haisemi kwamba sifa hazipo. Inasema zina wakati wake na zina Mtoaji wake.

Mwaka ule ule wa 1942, kipindi cha Sauti ya Unabii kilipoenea nchi nzima, ilianzishwa pia shule ya Biblia kwa njia ya posta. Redio iliwafanya watu wasikie. Masomo yaliwafanya wafungue Biblia wenyewe. Fikiria kazi ya wale waliofungua bahasha hizo. Walisoma majibu ya watu wasiowajua, wakasahihisha kwa kalamu, wakaandika neno la kutia moyo, wakafunga bahasha na kuchukua nyingine. Majina yao hayakutajwa hewani. Hakuna shule iliyoitwa kwa majina yao. Lakini watu wangapi walibatizwa kwa sababu mtu mmoja mezani alijibu swali lao kwa uvumilivu?

Richards naye alipoheshimiwa kwa mfululizo wa mihadhara ya kuhubiri uliopewa jina lake, mihadhara aliyoitoa ilichapwa mwaka 1958 katika kitabu ambacho jina lake lilichukuliwa kutoka agizo la Yesu kwa Petro, la kuwalisha kondoo. Heshima iliyoletwa kwake aliigeuza kuwa ukumbusho wa kazi iliyobaki. Kondoo bado wana njaa. Hilo ndilo jambo ambalo mchungaji hatakiwi kulisahau, hata akiwa amevikwa taji la maua shingoni.

Ni nani kanisani kwako anayefanya kazi isiyoonekana: kufagia, kufungua mlango mapema, kutembelea wagonjwa, kugawa vijitabu? Juma hili mtafute, umshukuru, na umwombee.

Ijumaa

Jifunze Zaidi: Soma sura inayohusu siku za mwisho za kazi ya Yohana Mbatizaji katika kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote. Soma pia Wagalatia 1:10 na Yohana 12:42, 43.

Juma hili tumewaona watu watano waliokutana na heshima. Yohana aliikataa isiyo yake, akafurahi ilipokwenda kwa mwenyewe. Paulo na Barnaba walirarua mavazi yao walipotaka kuabudiwa. Danieli alisema neno la Mungu akiwa huru, kabla ya kuvikwa kitu chochote. Hezekia, mtu mwema aliyeponywa kwa muujiza, alipokea wageni na kumsahau aliyemponya. Tukumbuke kwamba Hezekia alishinda jaribu la kuzingirwa na jeshi la Ashuru. Alianguka katika jaribu la kutembelewa.

Kwa hiyo tunapoombea watangazaji wetu, wahubiri wetu na kwaya zetu, tusiwaombee walindwe na adui peke yake. Tuwaombee pia siku wanapopigiwa makofi. Ujumbe wa malaika watatu haukukabidhiwa kwa kanisa ili kanisa lipendwe. Ulikabidhiwa ili kila taifa, kabila, lugha na jamaa wamche Mungu na kumtukuza yeye (Ufu 14:6, 7). Sifa zote zinazofika mkononi mwetu zinapita tu, zina mwenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Kipindi cha redio cha kanisa kimeahidiwa muda bora zaidi na kituo cha kibiashara, kwa sharti kwamba kisitaje mafundisho yanayotofautiana na ya makanisa mengine. Kikundi chenu kingeshauri nini? Ni wapi busara inapoishia na woga unapoanzia?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumtia moyo mtumishi wa Mungu na kumtukuza? Toeni mifano ya maneno yanayojenga na maneno yanayoweza kumharibu.

3. Mathayo 5:16 yasema watu wayaone matendo yetu mema, na Mathayo 6:1 yaonya tusiyafanye ili tutazamwe. Tunayatimizaje yote mawili katika kanisa letu?

4. Mfikirie mtu aliyelijua Neno la Mungu kwa njia ya redio au masomo ya posta, ambaye hakuwahi kumwona mhubiri wake. Je, imani yake imekosa kitu? Kanisa la mtaa lina wajibu gani kwake?

5. Kama huduma moja ya kanisa lenu ingekosa shukrani yoyote kwa mwaka mzima, ni ipi ingeendelea na ni ipi ingekufa? Mnafikiri ni kwa nini?

Muhtasari: Mungu hutumia sauti za wanadamu kufikisha Neno lake, na mara nyingine wanadamu huzisifu sauti hizo. Mtumishi mwaminifu hupokea shukrani kwa unyenyekevu, huurudisha utukufu kwa Mungu, na hasemi pungufu wala zaidi ya alichotumwa kusema, hata Bwana atakapokuja.